Siku Betri ya Nukta Ilipochoka

Bupe alikuwa msichana wa darasa la kwanza. Alikaa Tukuyu, kwenye baridi na mvua, ambako nguo hukauka polepole.

Nyumba ya kina Bupe ilikuwa na bati jekundu. Nyumba ya jirani ilikuwa na bati la bluu, na huko alikaa rafiki yake, Sekela.

Sekela alikuwa na kidude.

Kilikuwa cha mviringo kama yai, rangi ya chungwa. Kilienea vizuri kwenye kiganja. Kilikuwa na kioo kidogo na vitufe vitatu.

Ndani ya kioo kile alikaa Nukta.

Nukta alikuwa mnyama wa kuchorwa kwa nukta nyeusi, ndogo ndogo, nyingi nyingi. Ndiyo maana Sekela alimpa jina hilo. Alifanana na kifaranga, ila alikuwa na masikio marefu.

Nukta akiona njaa, kidude kililia. Pi, pi, pi.

Sekela alibonyeza kitufe. Nukta alikula. Nyam, nyam, nyam.

Nukta akijisaidia, kidude kililia. Pi, pi, pi. Sekela alibonyeza, na uchafu ukaondoka. Shwii.

Nukta akisinzia, kidude kililia tena. Pi, pi, pi. Sekela alimzimia taa, Nukta akalala.

Na kila alipolia, Sekela alimjibu maneno yale yale.

"Nipo, Nukta. Nipo hapa."

Sekela alimlea Nukta tangu akiwa yai. Alimlea masika yote. Aliyaona masikio yake yakiota, kwanza moja, halafu la pili.

Siku moja habari ilikuja kutoka Kyela. Bibi yake Sekela alikuwa anaumwa. Sekela na mama yake walitakiwa kwenda kumuuguza.

Bibi alihitaji kulala sana. Alihitaji nyumba tulivu.

Sekela alikitazama kidude chake. Pi, pi, pi, kililia. Sauti hiyo ingemwamsha Bibi.

Basi Sekela alivuka ua na kumletea Bupe. Alimwomba amtunzie Nukta mpaka atakaporudi.

Bupe alifurahi mpaka akasahau kufumba mdomo.

Sekela alimfundisha kila kitu. Kitufe cha kushoto ni cha chakula. Kitufe cha kati hukwama, kwa hiyo lazima ukibonyeze kwa ukucha.

Alimweleza pia kwamba Nukta hapendi baridi. Asubuhi yenye ukungu, kioo hupauka na Nukta hutembea polepole. Hapo mfunike kwa viganja viwili, mpaka apate joto.

Kitufe cha kulia kilikuwa cha muziki. Sekela alikibonyeza.

Ti-ri-li, ti-ri-li. Nukta alicheza. Aliinua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili.

"Muziki mara moja tu kwa siku," alisema Sekela. "Muziki unakula betri."

Bupe alikubali. Alikubali kwa kichwa, na akakubali kwa mdomo.

Kisha Sekela akakiinua kidude karibu na uso wake. Akamwambia Nukta awe na adabu. Akaondoka na mama yake.

Bupe alimlea Nukta vizuri.

Pi, pi, pi. Nukta ana njaa. "Nipo, Nukta. Nipo hapa." Nyam, nyam, nyam.

Pi, pi, pi. Nukta amejisaidia. "Nipo, Nukta. Nipo hapa." Shwii.

Pi, pi, pi. Nukta ana usingizi. "Nipo, Nukta. Nipo hapa." Taa ikazimwa.

Asubuhi yenye ukungu, Bupe alimfunika kwa viganja viwili. Nukta alipata joto, akatembea vizuri.

Na muziki, Bupe aliupiga mara moja tu kwa siku.

Halafu ikafika Jumamosi.

Watoto wa jirani walikuja kucheza uani. Walimwona Bupe na kidude. Walikaa kumzunguka, kichwa kwa kichwa, ili nao waone.

Bupe alitaka wamwone Nukta akicheza. Alibonyeza kitufe cha kulia.

Ti-ri-li, ti-ri-li. Nukta aliinua mguu. Watoto walicheka sana.

Walimwomba apige tena.

Bupe alimkumbuka Sekela. Akajiambia, mara moja zaidi, basi. Ti-ri-li, ti-ri-li.

Walimwomba tena. Mara moja zaidi, basi. Ti-ri-li, ti-ri-li.

Walimwomba tena. Walimwomba tena. Kidole cha Bupe kilibonyeza, kikabonyeza, kikabonyeza.

Kila mara ilikuwa mara ya mwisho. Na kila mara haikuwa ya mwisho.

Jioni ilipofika, watoto walirudi kwao. Bupe akamtazama Nukta.

Nukta alikuwa amepauka. Masikio yake yalikuwa kama moshi.

Piii... pi... Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nipo, Nukta," alisema Bupe. "Nipo hapa." Alimlisha. Nukta alikula taratibu, akashiba nusu, akalala.

Bupe alimzimia taa. Kwenye pembe ya kioo aliona alama ndogo ya betri. Ilikuwa tupu, ikiwaka na kuzima.

Asubuhi hapakuwa na ukungu. Hata hivyo Nukta alikuwa bado amepauka. Bupe alimfunika kwa viganja viwili. Alimfunika kwa muda mrefu. Haikusaidia.

Mama alikuwa papo hapo, akimenya ndizi za kupika. Bupe angeweza kumwambia.

Lakini angemwambia, ingebidi amwambie na habari ya muziki. Bupe aliona aibu. Akanyamaza.

Akakumbuka redio ya Baba.

Betri za redio zikichoka, Baba huzitoa. Huzianika juani, juu ya jiwe. Zikipata joto, huzirudisha, na redio huongea tena.

Siku hiyo jua lilikuwa limetoka. Huko Tukuyu jua si la kila siku.

Baba alikuwa shambani, kwenye chai. Bupe alichukua bisibisi ndogo ya Baba. Hakumwambia mtu.

Krr, krr, krr. Alifungua skrubu nyuma ya kidude. Akainua kifuniko.

Ndani mlikuwa na betri moja. Ilikuwa ndogo, bapa na inang'aa, sawa na kifungo cha shati.

Bupe aliivuta kwa ukucha. Tk.

Kioo kikawa kitupu. Nukta hakuonekana.

Bupe alidhani amelala.

Aliiweka betri juu ya jiwe. Akakaa pembeni kuilinda. Mdogo wake, Gwakisa, alikuwa anatambaa uani, na Gwakisa hutia kila kitu mdomoni.

Bupe alisubiri. Jua lilikuwa zuri. Jiwe likapata joto, na betri ikapata joto.

Kisha mawingu yakaja, kama yanavyokuja siku zote. Bupe akairudisha betri mahali pake. Akafunga skrubu. Krr, krr, krr.

Piiiiiii.

Kidude kililia kwa muda mrefu. Hakikuwa kimewahi kulia hivyo.

Kwenye kioo palitokea yai.

Bupe aliita, "Nukta?"

Yai lilitulia tu.

Alibonyeza kitufe cha chakula. Yai halikula. Alibonyeza kitufe cha kati kwa ukucha. Hakuna kitu. Alibonyeza cha muziki. Kimya.

"Nipo, Nukta," alisema Bupe. "Nipo hapa."

Hakuna aliyejibu.

Yai likapauka. Likapauka zaidi. Nalo likatoweka.

Bupe alikaa juu ya jiwe. Mvua ilianza, matone machache, kisha mengi.

Alitamani asingebonyeza muziki. Alitamani asingegusa bisibisi. Alitamani angemwambia Mama kabla.

Alitamani iwe jana. Lakini ilikuwa leo.

Bupe alikificha kidude ndani ya buti lake la mvua. Akalisukuma buti chini ya kitanda.

Wakati wa chakula hakula. Alizungusha ndizi kwenye sahani, upande huu na upande ule.

Mama alimuuliza kama tumbo linauma. Bupe akasema hapana. Mama akamuuliza kama kichwa kinauma. Bupe akasema hapana.

Kilichouma hakikuwa tumbo wala kichwa. Bupe hakujua jina lake.

Mama hakuuliza tena. Alimwosha Gwakisa uso, akamlaza. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na Bupe.

Bupe akaenda kulitoa buti. Akalimimina mapajani mwa Mama. Kidude kikaanguka.

"Mama, nimempoteza Nukta."

Akamweleza yote. Muziki. Watoto. Bisibisi. Jiwe. Yai.

Kwanza Mama aliuliza betri iko wapi. Bupe alisema imo ndani ya kidude. Mama akahakikisha kifuniko kimefungwa sawasawa.

Alimwambia Bupe kwamba betri ndogo kama ile ni hatari sana. Mtoto akiimeza, inamuunguza tumboni. Siku nyingine amwite mtu mzima. Bupe akaelewa, akamwangalia Gwakisa aliyelala, akazidi kujisikia vibaya.

Kisha Bupe aliuliza lile alilotaka kuuliza. Wakiweka betri mpya, Nukta atarudi?

Mama alikigeuza kidude mkononi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Kidude kinakumbuka kwa nguvu ya betri. Betri ikitoka, kinasahau kila kitu."

Bupe aliuliza, mbona redio ya Baba haisahau.

Mama alimweleza kwamba redio haina cha kukumbuka. Inaleta tu sauti za watu walio mbali. Lakini Nukta alikuwa akikaa mle mle ndani.

Bupe alilia. Mama alimwacha alie.

Alipomaliza, alimwomba Mama amwambie Sekela kwa niaba yake. Mama alikataa. Alisema atasimama karibu naye, lakini maneno yatoke kwa Bupe.

Usiku huo Bupe alitamani iwe jana. Lakini ilikuwa leo, na baadaye ingekuwa kesho.

Mama alipokwenda sokoni, alirudi na betri mpya. Akaitoa ya zamani, akaitia mpya, akafunga skrubu kwa nguvu.

Piii. Yai likatokea. Safari hii lilikuwa jeusi na lilionekana vizuri.

Juu ya yai palikuwa na saa ndogo inayowaka na kuzima. Yai lilikuwa linasubiri. Ukirekebisha saa, litapasuka.

Kidole cha Bupe kilisogea kwenye kitufe. Kilisogea karibu kabisa.

Kisha Bupe akakirudisha.

Yai halikuwa lake.

Alikiweka kidude juu ya kabati, wima, yai likitazama dirishani. Akasubiri.

Sekela alirudi siku ya mvua kubwa. Alirudi na mchele wa Kyela kwenye mfuko, na habari njema.

Bibi amepona. Anakaa nje kibarazani. Anagombana na kuku.

Sekela alisema hayo yote akiwa bado mlangoni, maji yakimdondoka. Kisha akauliza Nukta yuko wapi.

Bupe alikuwa ameyapanga maneno yake. Alikuwa ameyapanga vizuri. Lakini yote yalimtoka kichwani.

Mama alikuja kusimama karibu naye.

"Nukta hayupo," alisema Bupe. "Nilipiga muziki mara nyingi. Betri ikachoka. Nikaitoa nikaianika, na Nukta akasahaulika. Nisamehe."

Alimpa Sekela kidude.

Sekela alilitazama yai. Alilitazama mpaka mvua ikapungua.

"Nilijua betri itaisha siku moja," alisema. "Nilijua Nukta ataondoka. Lakini nilitaka niwepo. Nilitaka nimuage."

Sekela alikitia kidude mfukoni. Akavuka ua, akaingia kwao. Mlango ukafungwa. Tap.

Sasa Bupe alijua alichokipoteza. Alikuwa amempoteza Nukta. Na alikuwa amempotezea Sekela ile kwaheri.

Alitamani iwe jana. Ile jana ya zamani, kabla ya Jumamosi. Lakini ilikuwa leo.

Mvua ilinyesha siku nyingi. Sekela alikwenda shule peke yake, akipita upande wa pili wa barabara. Mwavuli wake ulikuwa wa njano. Bupe aliuona mbele yake kila asubuhi, ukienda, ukienda.

Bupe alimwita mara moja. Sekela hakugeuka.

Bupe alikuwa na mpira mwekundu. Ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote. Aliupeleka mlangoni kwa kina Sekela, akauacha hapo.

Mchana Sekela aliurudisha. Alisema hataki mpira.

Bupe alimuuliza Mama afanye nini sasa. Mama alisema wakati mwingine mtu hufanya alichoweza, kisha anangoja. Kungoja ni kugumu, alisema, kunaumiza hata wakubwa.

Basi Bupe alingoja.

Jioni moja Bupe na Mama walikuwa wanachambua maharage. Maharage yalikuwa kwenye ungo mkubwa. Mazuri huku, mabovu kule. Jikoni chungu cha maji kilikuwa motoni.

Mtu alisimama mlangoni. Alikuwa Sekela.

Mama alimkaribisha. Sekela aliingia, akachuchumaa upande wa pili wa ungo. Hakumtazama Bupe. Alitazama maharage.

"Siku ya mwisho," alisema, "Nukta alifanya nini?"

Bupe alivuta pumzi.

Alimweleza Sekela siku nzima, tangu asubuhi. Nukta aliamka. Alikula. Alijisaidia, akasafishwa. Watoto walikuja, wakakaa kumzunguka, kichwa kwa kichwa. Nukta alicheza, na wote walicheka.

Alimweleza na habari ya muziki. Hakuupunguza. Alisema ulikuwa mwingi, na kwamba kila mara alijua.

Sekela aliuliza kama Nukta alianguka alipokuwa akicheza.

Bupe alisema aliyumba tu. Aliyumba kwa mguu mmoja, kisha akasimama sawa.

Sekela alitabasamu kidogo sana. Alisema Nukta huyumba hivyo siku zote.

Kisha akauliza, polepole, "Usiku, ulimwambia upo?"

"Nilimwambia," alisema Bupe. "Nilimwambia, nikamzimia taa."

Sekela alianza kulia. Bupe naye akalia. Mama aliendelea kuchambua maharage, taratibu, bila kuwaingilia.

Sekela alijifuta pua. Akachukua harage moja, akaliweka katikati ya ungo, mahali palipokuwa patupu. Akaweka jingine kando yake. Na jingine.

Bupe alimwangalia. Kichwa kilitokea. Kisha tumbo.

Sekela alipanga sikio moja refu. Akaacha pengo la sikio la pili. Akamtazama Bupe.

Bupe alichukua maharage, akapanga sikio la pili. Akapanga mguu mmoja chini. Akapanga mguu wa pili juu, kana kwamba unacheza.

Nukta alikuwa pale kwenye ungo. Alikuwa mkubwa kuliko siku zote.

Walimtazama. Chungu kilichemka jikoni. Bwata, bwata, bwata.

Sekela aliinama mpaka nywele zake zikagusa ungo.

"Kwaheri, Nukta," alisema. "Ulinifurahisha. Asante."

Bupe naye aliinama.

"Kwaheri, Nukta. Samahani."

Walikaa hivyo kwa muda. Hakuna aliyewaharakisha.

Baadaye Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba maji yamechemka. Akamuuliza Sekela kama wanaweza kuyapika maharage, au wayaache mpaka kesho.

Sekela alifikiri. Kisha akaushika ungo mwenyewe, upande mmoja. Bupe alishika upande mwingine.

Waliutikisa pamoja. Shwaa. Nukta akawa maharage tena.

Wakampelekea Mama.

Sekela alikwenda kwao kuomba ruhusa ya kula na kulala kwa kina Bupe. Akarudi na ruhusa, na mchele kidogo wa Kyela kutoka kwa mama yake. Jioni hiyo wote walikula wali kwa maharage. Baba alirudi kutoka kwenye chai, akala mara mbili. Gwakisa aliupaka wali masikioni.

Bupe alikula sahani yake yote.

Baada ya chakula, Sekela alikitoa kidude mfukoni. Yai lilikuwa bado linasubiri. Saa ndogo iliwaka na kuzima.

Bupe alikaa mbali kidogo. Mikono yake aliiweka mgongoni.

Sekela alirekebisha saa. Alibonyeza kitufe cha kati kwa ukucha.

Yai lilitikisika. Tk, tk, tk. Likapasuka.

Akatokea mnyama. Alikuwa mfupi na mnene. Hakuwa na masikio. Alikuwa na kimkia kimoja, kimesimama.

Wasichana wawili walimtazama. Hakuwa Nukta. Hakuna aliyesema ni Nukta.

Yule mnyama alitazama kulia. Akatazama kushoto. Akajisaidia hapo hapo.

"Anafanana na kiazi," alisema Sekela.

Bupe alicheka kabla hajajizuia. Sekela naye akacheka. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu Sekela alipokwenda Kyela.

Basi jina lake likawa Kiazi.

Mama aliwatandikia kitanda kimoja, blanketi mbili kwa sababu ya baridi. Aliwafunika mpaka kidevuni. Akatoka, akaurudisha mlango nusu.

Mvua ilipiga bati. Ta-ta-ta, ta-ta-ta.

Kiazi alisinzia. Pi, pi, pi. Sekela alimzimia taa.

Gizani, Bupe alikuwa bado anamfikiria Nukta. Kile kilichomuuma kilikuwa kimepungua. Lakini hakikuwa kimekwisha.

Alimwambia Sekela kwamba bado anamkumbuka.

Sekela alisema hata yeye.

Mvua ikaendelea. Bupe alidhani Sekela ameshalala.

Kisha akasikia kitu kikisogea juu ya blanketi. Kilisogea, kikasogea, kikafika kwenye kiganja chake. Kilikuwa cha mviringo, na bado kilikuwa na joto la mkono wa Sekela.

"Mimi huchelewa kuamka," alisema Sekela, kwa sauti ya usingizi. "Kesho asubuhi mlishe wewe."

Bupe alikifumba kidude kiganjani, polepole.

Wote watatu wakalala.